Watakatifu wa macho na majirani wasioona: kutoka Otilia hadi Tukuyu

Kila tarehe 13 Desemba, jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki zilizomchagua Mtakatifu Lusia kuwa somo wao husherehekea. Kunakuwa na misa, chakula cha pamoja, na mara nyingi ziara: wanajumuiya wanachanga sukari, sabuni, unga na mafuta ya kula, kisha wanampelekea mzee au jirani asiyeona. Ukiuliza kwa nini aende kutembelewa asiyeona na si mwingine, utajibiwa kwamba Lusia ni mtakatifu wa macho. Kwa siku ya sikukuu jibu hilo linatosha. Shida huja baadaye, mtu akianza kuuliza zaidi. Binti aliyeuawa Sisilia mwaka 304 alihusiana vipi na macho? Kumwomba mtakatifu aponye macho na kumhudumia mtu asiyeona ni kazi moja au mbili? Na jirani zetu Wamoravian na Walutheri, ambao ni wengi mno Mbeya na Iringa na hawaombi watakatifu, huduma yao wanaichota wapi?

Naona tunachanganya mambo matatu. Kuna mtakatifu kama mwombezi, anayelilia macho ya mgonjwa mbele za Mungu. Kuna mtakatifu kama kielelezo, mtu aliyetoa mali na muda wake nasi tukaambiwa tumfuate. Halafu kuna mtakatifu ambaye yeye mwenyewe hakuona. Huyu wa tatu tumemsahau, na ndiye ningependa turudi kwake, kwa sababu akiingia kwenye mazungumzo huduma yenyewe hubadilika.

Tuanze na Lusia. Aliishi Sirakusa na aliuawa wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano. Heshima yake ni ya zamani sana. Jina lake limo katika Sala ya Ekaristi ya kwanza pamoja na Agata na Sesilia. Simulizi za kale zinasema mama yake, Eutikia, alisumbuliwa na kutokwa damu kwa miaka mingi. Wakaenda wote wawili kwenye kaburi la Agata huko Catania, mama akapona, na Lusia akamshawishi agawe kwa maskini mali yote iliyotengwa kwa ajili ya ndoa yake. Mchumba alipoona mali inateketea akamshtaki kuwa ni Mkristo. Katika simulizi hizo macho hayamo kabisa. Habari za kung'olewa macho, au kuyang'oa mwenyewe, ziliingia karne nyingi baadaye, wachoraji wakazipenda, ndiyo maana sanamu yake hushika sahani yenye macho mawili. Jina lake, ambalo asili yake ni neno la Kilatini la nuru, bila shaka lilichangia.

Sioni kwamba hili linampunguzia Lusia kitu. Sehemu ya zamani kabisa ya habari zake ni ile ya binti kugawa mali. Kwa hiyo mama wa jumuiya anayezunguka na kikapu akikusanya kilo za sukari yuko karibu na Lusia wa kale kuliko yule anayetundika picha yake juu ya kitanda na kuishia hapo.

Kwa upande wa macho, mwenye habari nzito zaidi ni Otilia, naye katika kalenda ya Ujerumani hukumbukwa siku hiyohiyo ya 13 Desemba. Maisha yake yaliandikwa muda mrefu baada ya kufa, kwa hiyo historia na hadithi zimeingiliana, lakini mkondo wake ni huu. Alizaliwa katika karne ya saba huko Alsace, binti wa mtawala aliyeitwa Etichon. Alizaliwa haoni. Baba aliona ni aibu kwa ukoo wake akataka mtoto auawe. Mama akamtorosha kwa mlezi, na akakulia katika nyumba ya watawa. Askofu Erhard alipombatiza, macho yalifunguka. Baadaye alipatana na baba yake, akaanzisha monasteri juu ya mlima wa Hohenburg, na chini ya mlima nyumba ya kuwapokea wagonjwa na mahujaji. Picha zake humwonyesha ameshika kitabu, na juu ya kitabu kuna macho mawili.

Huyu Otilia anatuhusu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1884 padre Andreas Amrhein alianzisha Ujerumani shirika la Wabenediktini wamisionari. Mwaka 1887 walihamia Emming, huko Bavaria, mahali palipokuwa na kikanisa cha Mtakatifu Otilia, na shirika lote likabeba jina lake. Ndio waliofika Uhehe na kufungua Tosamaganga mwaka 1897, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akiwa bado anapigana na Wajerumani porini, na mwaka uliofuata wakafungua Peramiho. Vita ya kwanza ya dunia iliwaondoa Wajerumani, na kuanzia 1919 Iringa ikashikwa na wamisionari Wakonsolata kutoka Turin, Italia. Hata hivyo, Peramiho, Hanga, Uwemba na Mvimwa ni familia ya Otilia hadi leo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya Ukatoliki wa kusini mwa nchi hii ilikuja chini ya jina la msichana aliyezaliwa haoni.

Kaulimbiu waliyokuja nayo ilikuwa mwanga kwa vipofu. Hapa ndipo pa kutua kidogo, maana vipofu waliokusudiwa hawakuwa watu wasioona kwa macho. Walikuwa babu zetu wasiobatizwa. Kutoona kulitumika kumaanisha kutomjua Mungu. Lugha hiyo ipo pia katika Biblia, wala wamisionari hawakuibuni wao. Lakini ilipozoeleka mimbarini ilileta madhara ambayo hayakukusudiwa. Mtu akisikia Jumapili baada ya Jumapili kwamba kipofu ni mfano wa mwenye dhambi na mjinga, Jumatatu atamtazamaje jirani yake asiyeona? Wengi hudhani hana akili timamu, au kuna kitu familia yake ilifanya. Watu huongea na anayemshika mkono badala ya kuongea naye. Nyimbo kadhaa tunazozipenda bado zinaendeleza mtindo huo.

Dawa ya fikra hiyo imo katika Injili yenyewe, Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamkuta mtu aliyezaliwa haoni, wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili: si yeye wala wazazi wake. Habari ya Otilia, ukiisoma vizuri, inasema jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwenye kosa ndani yake ni baba. Mtoto hakukosa lolote.

Sasa tuwageukie jirani zetu. Wamoravian walifungua Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa. Kwao neno watakatifu, kama lilivyo katika nyaraka za Paulo, linawahusu waamini wote. Watu wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo Walutheri wamewafuta watakatifu kabisa, na hiyo si kweli. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21, linasema watakatifu wakumbukwe ili imani yetu ipate nguvu na matendo yao mema yaigwe, kila mtu katika wito wake. Kinachokataliwa ni kuwaomba. Kwa hiyo katika yale mambo matatu, wanaacha la kwanza na kubaki na mawili. Na kwa huduma ya wasioona hawakupungukiwa. Mchungaji Mjerumani Ernst Christoffel alikwenda Malatya, nchini Uturuki, mwaka 1908, akafungua nyumba ya watoto wasioona na yatima. Shirika lililotokana na kazi yake, CBM, limesaidia huduma za macho hapa Tanzania kwa miaka mingi. Ukikuta mashemasi wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri nchini, na wanachama wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wamekutana kwenye mlango wa nyumba moja, mmoja anaita kazi yake diakonia na mwingine anaiita matendo ya huruma, na mwenye nyumba anapokea unga wote.

Turudi kwenye kielelezo. Mtakatifu anayetajwa zaidi kwa kuwajengea wasioona ni mfalme Ludoviko wa Tisa wa Ufaransa. Mnamo mwaka 1260 alianzisha Paris nyumba iliyoitwa Quinze-Vingts, yaani ishirini mara kumi na tano, kwa kuwa ilikusudiwa watu 300. Ipo hekaya kwamba walikuwa mashujaa waliotobolewa macho vitani, lakini wanahistoria hawaikubali. Walikuwa maskini wa kawaida wa mji. Nyumba ilikuwa na mambo ya kushangaza kwa zama zile: wakazi waliitana ndugu, waliweza kuoa na kuolewa, na walishiriki kuamua mambo ya nyumba yao. Ila riziki yao kwa sehemu kubwa ilikuwa kuombaomba mitaani, wakivaa alama ya mfalme ili wajulikane. Mtakatifu aliwapa paa na heshima fulani. Njia ya kujitegemea hakuwapa, na sidhani kama ingempitia akilini.

Miaka mia tano baadaye hilo pengo lilionekana wazi. Mwaka 1771, kwenye gulio la Mtakatifu Ovidi mjini Paris, kikundi cha wanaume wasioona kilivalishwa kofia za kipuuzi na miwani mikubwa ya karatasi, wakawekewa vitabu vya muziki mbele yao ili watu wacheke. Mmoja wa waliotazama, Valentin Haüy, hakucheka. Mwaka 1784 alianza kumfundisha kusoma kijana mmoja aliyekuwa akiomba mlangoni pa kanisa, kwa herufi zilizoinuliwa juu ya karatasi. Shule aliyoianzisha ndiyo iliyompokea mtoto Louis Braille mwaka 1819, na Braille alipofika umri wa miaka 15 alikuwa ameshaunda nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kupapasa vidole. Haüy wala Braille si watakatifu wa Kanisa, ingawa Braille alikuwa Mkatoliki mwenye ibada na alipiga kinanda makanisani. Nawataja kwa sababu huduma ya sadaka peke yake ilidumu karne tano bila kumfikisha mtu asiyeona kwenye kitabu.

Na sasa wale wa tatu. Kwanza Didimo, mwalimu wa Aleksandria katika karne ya nne. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto wa miaka minne hivi, akajifunza herufi kwa kupapasa mbao zilizochongwa, akaja kuongoza shule maarufu ya dini na kumfundisha Mtakatifu Yeronimo. Yeye hatajwi sana kama mtakatifu, kwa sababu baadhi ya mafundisho yake yalipingwa baada ya kifo chake. Yeronimo anasimulia kwamba Mtakatifu Antoni wa jangwani alimtembelea Didimo, akamwuliza kama anasikitika kwa kutoona. Didimo alinyamaza kwa aibu. Akaulizwa tena. Mara ya tatu akakiri kwamba ndiyo, anasikitika. Antoni akamwambia asisikitikie kitu ambacho hata mainzi na sisimizi wanacho, hali yeye ana kile cha watakatifu na mitume. Wahubiri hupenda jibu la Antoni. Mimi navutiwa zaidi na kule kukiri kwa Didimo, msomi mkubwa anayesema ukweli wake bila kupamba. Tunawaimbia wasioona kwamba wanaona kwa moyo na hatuwapi nafasi ya kusema kwamba inauma.

Yupo pia Margareta wa Castello, huko Italia. Alizaliwa mwaka 1287, haoni na mwenye ulemavu wa mwili. Wazazi wake, watu wa daraja la juu, walimficha. Baadaye wakampeleka kwenye kaburi lililosifika kwa miujiza katika mji wa Città di Castello. Muujiza haukutokea, wakamwacha hapohapo na kurudi kwao. Maskini wa mji wakampokea kwa zamu. Akawa mtawa wa nje wa Wadominiko, akafundisha watoto na kuwahudumia wafungwa hadi alipokufa mwaka 1320. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2021. Habari hii inagusa kitu tunachokifahamu. Huku kwetu pia kuna mtoto anayezungushwa kwenye maombi na kwa waganga, na miezi ikipita bila mabadiliko, hamu ya ndugu hupoa na yeye hubaki nyuma ya nyumba.

Wa karibu nasi zaidi kwa wakati ni Mwenye Heri Elżbieta Róża Czacka wa Poland. Alizaliwa mwaka 1876 katika familia ya makabaila, na akapoteza uwezo wa kuona kabisa akiwa na miaka 22. Daktari wake wa macho, badala ya kumpa matumaini hewa, alimshauri atazame wasioona wa nchi yake, ambao hakuna aliyewashughulikia. Czacka alijifunza nukta nundu, akasafiri kuona shule za nchi nyingine, kisha akaanza na wasichana wachache mjini Warsaw. Mwaka 1918 akaanzisha shirika la masista, na miaka michache baadaye kituo cha Laski nje ya mji, chenye shule na karakana. Alisaidia kurekebisha nukta nundu ziendane na Kipolandi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu asiyeona aweze kufanya kazi, kulipa kodi ya nyumba yake na kumsaidia mwingine. Alifariki mwaka 1961, na mwaka 2021 akatangazwa mwenye heri siku moja na Kardinali Wyszyński. Kwake yale mambo matatu yamekutana: watu wanaomba maombezi yake, wanaiga kazi yake, na aliyeifanya alikuwa na fimbo mkononi.

Tukirudi Mbeya, inabidi kwanza tujue watu wanapotezaje kuona. Duniani kote sababu kubwa kuliko zote ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Presha ya macho ni tofauti: inaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi, kwa hiyo kinachosaidia ni kupima mapema. Trakoma, ambayo wengi huita vikope, inapungua kwa maji na kunawa uso. Upungufu wa vitamini A huzuiwa kwa yale matone wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka. Halafu kuna usubi, ugonjwa wa vijidudu vinavyoenezwa na nzi wadogo wanaouma. Bonde la Tukuyu, yaani Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje, ni mojawapo ya maeneo ya usubi nchini, kwa kuwa nzi wake huzaliana katika mito iendayo kasi kama Kiwira. Huku kwetu ugonjwa huo huharibu zaidi ngozi, lakini vijidudu vyake vikifika kwenye jicho huweza kupofusha. Dawa yake, ivermectin, hutolewa bure na kampuni iliyoitengeneza tangu mwaka 1987, na katika vijiji hugawiwa na wanakijiji wenyewe waliofundishwa, wakipima urefu wa mtu kujua idadi ya vidonge. Mgawa dawa anayepanda na kushuka vilima vya Busokelo hawekwi kwenye dirisha la kioo la kanisa lolote, na anazuia upofu mwingi.

Kwa hiyo maombezi na kliniki havigombani, mradi kimoja kisicheleweshe kingine. Bibi anayesali kwa Lusia mwaka mzima huku mtoto wa jicho akizidi kukomaa hajakosea kusali. Aliyekosea ni sisi tuliosali naye bila kuuliza nauli. Hatari kubwa zaidi ni utomvu wa majani na vitu vingine vinavyotiwa jichoni kwa jina la dawa. Vinaweza kuacha kidonda kwenye kioo cha jicho na kovu lisilofutika.

Kuna mtu mwingine ambaye sadaka ya sukari haimfikii, naye ni mtoto anayeshika ncha ya fimbo. Umewaona stendi na sokoni Mwanjelwa: mzee nyuma, mtoto mbele, saa nne asubuhi siku ya shule. Kumhudumia mzee yule bila kumrudisha mtoto darasani ni kuandaa mwombaji wa pili. Na mtoto asiyeona mwenyewe anahitaji shule yenye mwalimu wa nukta nundu, karatasi nene na mashine ya kuandikia. Kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa kuwa nukta nundu hugawanyika kuwa majuzuu kadhaa, kwa hiyo hakitoshi mkobani na bei yake hailingani na cha kawaida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kusoma. Haki hiyo ikikosa karatasi, parokia inaweza kununua karatasi.

Lakini mahali pa kuanzia ni pale Yeriko. Bartimayo, mwombaji asiyeona, alikuwa akipiga kelele, kila mtu aliyekuwa njiani aliona shida yake ni nini, na bado Yesu alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Jumuiya ikimwuliza jirani asiyeona swali hilo kabla ya kuchanga, majibu huwa tofauti na orodha iliyozoeleka. Mmoja atasema anataka simu yenye sauti inayosoma meseji, asiibiwe kwenye miamala. Mwingine atataka kamba ya kumwongoza hadi chooni usiku. Yule wa kwaya ataomba asome somo la kwanza Jumapili kwa nukta nundu, au achaguliwe mweka hazina kama wengine.

Na kwa yule ambaye shida yake ni mtoto wa jicho, mahesabu ni mepesi kuyapanga. Siku ya Fimbo Nyeupe ni 15 Oktoba, sikukuu ya Lusia ni 13 Desemba. Kati yake kuna wiki nane. Zinatosha kutafuta nauli ya watu wawili kutoka Isangati hadi Mbeya mjini na kurudi, kumpata wa kulala naye hospitalini, na kuuliza mapema siku za kliniki ya macho. Baada ya upasuaji kuna matone ya kutia kwa wiki kadhaa, na mwenye mikono inayotetemeka hawezi kujitilia. Kuna miadi ya kurudi kupimwa, ambayo katika miezi hiyo huangukia kipindi cha kupanda, kwa hiyo jumuiya ikubaliane mapema nani atamtilia matone asubuhi na jioni, na nani atampandia mahindi yake.